Protini zimegoma kuungana? Anza na dalili unayoiona

Umechanganya protini A na protini B, kila unachosoma kinasema hizi mbili zinaungana, umeziacha nusu saa kwenye barafu, umepitisha kwenye kolamu (bomba linalotenganisha protini kwa ukubwa), alafu zinatoka kila moja kivyake kama watu walionuniana. Hapo ndo wengi wanakimbilia kuagiza plasmidi mpya (kipande cha DNA chenye jeni ya protini). Tulia kwanza. Mara nyingi protini zenyewe hazina tatizo, tatizo ni mazingira uliyoziwekea, na ukiiangalia dalili vizuri inakuonyesha pa kuanzia.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali maana kitarudi sana huko chini. Kompleksi nyingi, yaani protini zilizoungana, hazijashikana kwa gundi. Zinashikana kwa vitu vidogo vidogo vingi, sehemu zinazokwepa maji zinajificha pamoja, chaji chanya inakaa mkabala na chaji hasi, vifungo vya hidrojeni hapa na pale, na muda wote kuna zinazoachana na kuna zinazorudiana, yaani ni mizani sio ukuta. Ile namba inayoitwa Kd ndo inapima hiyo mizani: ni ukolezi wa B iliyo huru ambao ukifikiwa, nusu ya A inakuwa imeshashikwa. Kd ndogo maana yake zinapendana sana. Ukilielewa hili, nusu ya matatizo ya huku chini utayatatua bila kushika pipeti.

"Nimeendesha jeli, naona bendi mbili tofauti"

Kama ni jeli ya SDS, ile sabuni kali, basi hapana tatizo, lazima uone bendi mbili. SDS inakunjua protini na kuzivunja kompleksi, alafu wewe umechemsha juu yake. Hiyo jeli inakuambia nani yupo kwenye sampuli, haikuambii nani kashikana na nani. Ukitaka kuona kompleksi tumia jeli isiyo na SDS, au ile ya bluu ambayo Schägger na von Jagow waliitoa 1991 kwa ajili ya kompleksi za kwenye utando. Kuna vichwa ngumu wachache wanaovumilia hata SDS, mfano mlango wa potasiamu wa bakteria unaoitwa KcsA, unabaki wanne wanne mpaka uupashe moto wa kutosha, lakini usitegemee wako awe hivo.

"Kwenye kolamu zinatoka piki mbili, kila mtu na njia yake"

Piki ni kile kilima kwenye grafu protini inapotoka. Dalili hii ndo inayoliza watu kuliko zote, na sababu namba moja ni kwamba umezipunguzia ukolezi bila kujua.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua A na B zenye Kd ya mikromola 1, ambayo ni ya kawaida kabisa, sio mbaya. Ukiwa na mikromola 100 ya kila moja, karibu asilimia 90 iko kwenye kompleksi. Shuka mpaka mikromola 10, inakuwa kama asilimia 73. Shuka mpaka mikromola 1, asilimia 38. Sasa ukienda nanomola 10, ambayo ni kawaida kwa vipimo vingi vya kisasa vinavyopima molekuli moja moja, unabaki na asilimia 1 tu. Protini ni zilezile, bafa, yaani maji unayoziwekea, ileile, hakuna kilichoharibika, umeongeza maji tu.

Sa fikiria kolamu. Unaingiza mikrolita 100 za sampuli kwenye kolamu ya mililita 24, piki inatoka imetandazika kwenye mililita nzima, kwahiyo umeshaipunguza mara kumi hivi hata kabla haijafika kwenye kipimo. Na sio hilo tu. Zikiachana ndani ya kolamu, kubwa inatangulia na ndogo inabaki nyuma, hazipati tena nafasi ya kurudiana, kolamu inaendelea kuzitenganisha mpaka mwisho. Ndo maana wakati mwingine huoni piki mbili safi, unaona piki moja yenye mkia mrefu unaoburuza kulia. Huo mkia ni kompleksi inayoachana njiani, usiukate ukasema ni uchafu.

Jinsi ya kuhakikisha: ingiza sampuli ileile kwa ukolezi wa aina tatu, tuseme mikromola 5, 25 na 100. Kama piki inasogea kushoto kila unavyopandisha, umepata jibu, ni mizani tu. Hapo suluhisho ni kuingiza nyingi zaidi, kutumia kolamu ndogo, au kuiweka moja ya hizo protini kwenye bafa yenyewe inayotembea kwenye kolamu ili mwenzake popote alipo anamkuta, njia ya Hummel na Dreyer ya 1962, inakula protini nyingi lakini inafanya kazi.

Himoglobini ndo mfano wangu wa kila siku. Yenyewe ni minyororo minne, alfa mbili na beta mbili, kilodaltoni 64 hivi jumla, na kiukweli imejengwa kama jozi mbili za alfa-beta zilizoegemeana. Ikiwa imebeba oksijeni, hizo jozi mbili zinaachana kwa Kd iliyo kwenye kiwango cha mikromola 1. Ndani ya chembe nyekundu ya damu himoglobini iko kama milimola 5, yaani wamebanana mno, kwahiyo hakuna nafasi ya kuachana. Chembe ikipasuka himoglobini ikamwagika kwenye plazma, ukolezi unashuka ghafla na wanne wanagawanyika kuwa wawili wawili, na mwili unalijua hilo vizuri tu, ndo maana kuna protini inaitwa haptoglobini inazunguka kwenye damu kuzidaka hizo jozi kabla hazijapenya kwenye figo. Kwahiyo mwili wenyewe una mpango wa dharura wa tatizo lako la kolamu.

Sababu ya pili ni chumvi. Watu wengi wanasafisha protini kwenye chumvi ya milimola 500 ili uchafu usishike, sawa kabisa, alafu wanasahau kuishusha. Kama mshikano wa kompleksi yako ni wa chaji kwa chaji, hiyo chumvi inakaa katikati na kuziziba. Shuka mpaka 150, hata 50 kama protini zinavumilia. Lakini kuna kompleksi zinazoshikana kwa kukwepa maji na hizo chumvi inazisaidia, kwahiyo usiende na imani, jaribu zote mbili.

Ya tatu ni pH, na hapa kuna mtego wa Tris, kemikali ya bafa. Tris inabadilika na joto, kama 0.028 kwa kila nyuzi. Umeipima ikiwa 8.0 juu ya meza kwenye nyuzi 25, ukaipeleka kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4, kule ni kama 8.6. Umebadilisha bafa bila kuigusa! Kama mpaka wa kuungana una histidini, ambazo zinabadilisha chaji karibu na pH 6, basi kwa Tris hutajali sana, ila ukiwa unafanya kazi upande wa 6 mpaka 7 kila nukta ina maana. Pima pH kwenye joto utakalofanyia kazi.

"Zote zinatoka mwanzoni kabisa mwa kolamu, piki moja kubwa nzuri"

Pole. Usiishangilie. Kwenye kolamu ya Superdex 200 ya mililita 24, kitu kinachotoka karibu na mililita 8 ni kitu ambacho kolamu imeshindwa kukipima, kikubwa kupita kiasi. Inaweza kuwa kompleksi kubwa kweli, lakini mara nyingi ni mabonge, protini zilizogandana ovyo.

Kabla ya yote soma mwanga kwenye nanomita 260 na 280. Protini safi ina uwiano wa 260 kwa 280 karibu 0.57. Ukiona 1 na kwenda juu, hapo una DNA au RNA ya bakteria na protini zako zimeigandia kama nguo kwenye kamba. Weka kimeng'enya cha kukata DNA, pandisha chumvi wakati wa kuosha, rudia. Kwa protini zenye chaji chanya nyingi hii inatibu kesi nyingi sana.

Kama uwiano ni mzuri na bado ni mabonge, jiulize swali ambalo watu hawajiulizi: je hii protini inaweza kuishi peke yake? Uso wa protini unaokutana na mwenzake mara nyingi umejaa asidi amino zinazokwepa maji. Kwenye kompleksi huo uso umefichwa. Ukiizalisha subyuniti moja (protini moja kati ya zinazounda kompleksi) peke yake, huo uso uko wazi kwenye maji, na itashika chochote kilicho karibu, ikiwemo nakala nyingine zake yenyewe. Wewe unaita mabonge, yenyewe inatafuta mwenzake.

Turudi kwenye himoglobini maana inaonyesha hili vizuri kuliko maabara yoyote. Mtu akiwa na thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu wa kurithi, beta ni chache, alfa zinabaki bila mwenza, na alfa yatima haziyeyuki vizuri, zinaganda ndani ya chembe changa za damu na kuziua kabla hazijakomaa. Mtu akiwa na thalasemia ya alfa inakuwa kinyume, beta zinabaki bila mwenza, lakini zenyewe haziharibiki kwa haraka hivo, zinajiunga nne kwa nne na kutengeneza kitu kinachoitwa himoglobini H, kompleksi inayoonekana nzuri tu ila inang'ang'ania oksijeni na kugoma kuiachia. Umeona? Kosa ni moja, mwenza hayupo, ila dalili ni mbili tofauti kabisa: mmoja anaganda, mwingine anaunda kompleksi isiyo sahihi. Kwahiyo hata piki safi yenye ukubwa wa kueleweka isikudanganye, angalia na ndani kuna nani. Na seli ya kawaida haiziachi alfa zizurure hivi hivi, kuna protini mlezi inaitwa AHSP inaishikilia alfa mpaka beta ifike.

Suluhisho kwenye maabara ni kuzizalisha pamoja. Weka jeni zote mbili kwenye plasmidi moja, au plasmidi mbili zenye dawa tofauti za kuchagua, ziachie bakteria E. coli azitengeneze kwa wakati mmoja. Weka tegi (kipande cha kuivutia protini) kwenye ile inayosumbua moja tu, alafu vuta. Ikija na mwenzake asiye na tegi basi wamekutana. Huu sio ujanja wa maabara tu, seli ndo zinavyofanya. Bakteria wanaweka jeni za kompleksi moja jirani jirani kwenye mstari mmoja, na utafiti wa 2018 kwenye hamira uliangalia kompleksi 12 ukakuta 9 kati yake zinaanza kuungana wakati mnyororo mmoja bado unatoka kwenye ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, yaani mtoto hajamaliza kuzaliwa kashashikwa mkono. Sasa wewe unachukua protini mbili zilizokunjwa mbali mbali, zikagandishwa kwenye friza wiki mbili, alafu unashangaa kwanini hazitaki.

Zipo zinazohitaji zaidi ya mwenza, zinahitaji mafundi. Proteasomu, mashine ya seli ya kukatakata protini, ile ya 20S (S ni kipimo cha kuzama kwenye sentrifyuji) ina subyuniti 28, pete nne za saba saba. Ile ya Thermoplasma, kiumbe mdogo wa kundi la arkea, ina aina mbili tu, alfa na beta, unaziweka kwenye E. coli pamoja na inajijenga. Alfa peke yake inatengeneza pete za saba, beta peke yake haijengi kitu. Lakini ya kwetu binadamu ina aina saba za alfa na saba za beta na kila moja ina kiti chake, kwahiyo kuna protini saidizi zinazosimamia ujenzi, na mojawapo, kwenye hamira inaitwa Ump1, inanaswa ndani jengo likikamilika na inakuwa chakula cha kwanza cha proteasomu aliyoisaidia kujenga. Ujenzi wa kikatili huo. Ila ujumbe kwako ni rahisi, kama kompleksi yako ina subyuniti nyingi zinazofanana fanana na umekwama, tafuta kama inajulikana kuwa na wasaidizi, na uwaweke.

"Jana iliungana, leo asubuhi imeachana"

Swali la kwanza, uliilaza wapi? Tumezoeshwa kwamba baridi ni usalama, kila kitu kwenye barafu. Kwa kompleksi nyingi sawa. Lakini nguvu ya kukwepa maji inapungua kwenye baridi, na zipo kompleksi ambazo friji ndo inaziua. Tubulini ndo maarufu, kwenye nyuzi 37 ikiwa na GTP (molekuli ya nishati) inajenga mikrotubuli, ukiipeleka kwenye nyuzi 4 mikrotubuli zinabomoka, na watu wanaisafisha kwa kutumia tabia hiyohiyo, wanapasha, wanazungusha, wanapoza, wanazungusha, raundi baada ya raundi. Sehemu ya F1 ya kimeng'enya kinachotengeneza ATP nayo inakufa kwenye baridi na hilo linajulikana tangu 1960. Jaribio lake ni jepesi mno: gawanya sampuli, nusu friji, nusu mezani, kesho pima zote.

Swali la pili, kuna kitu kidogo umekiondoa? Hapa nina kidonda changu binafsi. Nilikuwa na kompleksi inayotoka vizuri kila wiki, alafu nikabadilisha kichupa cha dawa ya kuzuia protini kukatwakatwa, na sikusoma kwamba toleo lile lina EDTA, kemikali inayokamata madini. Wiki tatu nzima nalaumu kolamu, nalaumu bakteria, nabadilisha chumvi, kumbe subyuniti moja ilikuwa inashikilia zinki na EDTA imeipora yote. Siku niliyosoma lebo nilitamani kujipiga kofi.

Madini na molekuli ndogo ni kama misumari. Kuna kimeng'enya cha bakteria kinaitwa aspartate transkabamilesi, minyororo 12, sita mikubwa na sita midogo, na kila mdogo umeshika zinki kwa sisteini nne. Ukiweka kemikali ya zebaki inayokamata zile sisteini, zinki inatoka na jengo zima linagawanyika, watatu watatu wakubwa kwa pande mbili na wawili wawili wadogo kwa jozi tatu. Ribosomu ya bakteria kwenye magnesiamu ya milimola 10 imekaa nzima, 70S, ishushe mpaka milimola 1 inaachana kuwa 30S na 50S. Proteasomu kubwa ya 26S bila ATP kofia zake zinachomoka na unabaki na 20S. Kwahiyo andika orodha: zinki, magnesiamu, kalsiamu, ATP, GTP, heme, chochote kinachojulikana kukaa kwenye hiyo protini, alafu pitia bafa zako zote moja moja kuanzia ya kupasulia seli uone ulikipotezea wapi. Kudialaizi (kuloweka sampuli kwenye mfuko wa kuchuja) usiku kucha nako kunaondoa vitu vidogo, usisahau.

Na kama minyororo imefungwa kwa salfa kwa salfa, kama antibodi, DTT kwenye bafa inaifungua. Alafu ndani ya E. coli ya kawaida hivyo vifungo havifungiki vizuri, unahitaji kuipeleka protini nje kwenye periplazimu (nafasi kati ya tando zake mbili) au kutumia aina ya E. coli iliyorekebishwa kwa kazi hiyo.

"Imeungana ila ukubwa haueleweki"

Kolamu haipimi uzito, inapima protini inavyojitanua kwenye maji. Vile viwango unavyolinganishia ni protini za duara duara. Kompleksi ndefu kama fimbo itatoka mapema na utasema ni kubwa mara mbili kumbe ni nyembamba tu. Pima kwa kutawanya mwanga ukiwa umeunganisha kwenye kolamu, au kwa sentrifyuji ya uchambuzi, hizo haziulizi umbo sana.

Angalia na tegi. GST, tegi inayotumika sana, inajiunga yenyewe kwa yenyewe mbili mbili, kilodaltoni 26 kila moja, kwahiyo protini yako ya 24 iliyobeba GST itaonekana kama 100 na sio 50, na utaandika kila mahali kwamba protini yako inakaa mbili mbili wakati wanaoshikana ni GST. Kata tegi, pima tena, ndo useme. Kama ni protini ya utando, kumbuka na sabuni inajipachika juu yake, ile ya DDM kwa mfano inakuongezea kama kilodaltoni 70 hivi peke yake.

Na kama uwiano ndo haueleweki, unapata A mbili kwa B moja na hesabu haiji, kabla ya kutunga nadharia hakikisha ulipima ukolezi sawasawa. Mwanga wa 280 unanyonywa na triptofani na tairosini. Protini isiyo na triptofani hata moja itakudanganya kirahisi ukitumia namba ya kukisia. Hesabu namba yake kutoka kwenye mfuatano wa asidi amino, dakika mbili tu.

"Ninapata vipande, jengo zima halikamiliki"

Hii naipenda, maana tiba yake inaenda kinyume na akili ya kawaida. Mtu akiona vipande anafikiri mshikano ni dhaifu, anaongeza ukolezi, anaongeza chumvi, anazidisha kila kitu, na vipande vinazidi.

Chukua pete ya watu saba. Kila mmoja anashika wa jirani yake. Kama mshikano ni mkali sana na wote wameanza kwa pamoja, baada ya muda mfupi hakuna aliyebaki peke yake, wote wako kwenye makundi, kuna ya wanne, kuna ya watano. Nne na tano haziwezi kufanya saba. Nne na nne nazo hapana. Zimekwama, na kwa kuwa mshikano ni mkali hakuna anayeachia ili akajaze pengo la wengine. Pete inahitaji watu wanaoweza kuachiana kidogo ili kukosea kurekebishike.

Virusi vya homa ya ini B wanalijua hili. Ganda lake kubwa linajengwa na jozi 120, lile dogo jozi 90, na mshikano wa jozi moja na jirani yake ni dhaifu, inayoleta nguvu ni kwamba kila jozi ina majirani wanne. Kwenye tyubu unachochea ujenzi kwa chumvi, na ukimwaga chumvi nyingi kwa mpigo unapata maganda yasiyokamilika. Dawa: punguza ukolezi, punguza chumvi, au ipandishe taratibu kwa kudialaizi badala ya kumwaga. Mpe muda.

Kuna kukwama kwingine kunakohitaji joto. Nomura na Traub 1968 walipoijenga upya 30S ya ribosomu kutoka RNA ya 16S na mchanganyiko wa protini zake 21, kwenye baridi inaishia njiani, inakuwa kitu cha 21S hivi, ukiipasha mpaka nyuzi 40 inajipanga upya na safari inaendelea. Na hapo kumbuka kitu kingine, mwenza anayekosekana sio lazima awe protini. Bila ile RNA hizo protini 21 zingekaa tu zinaangaliana.

Kuna na kosa la kuzidisha mpatanishi. Kama B ndo anawaunganisha A na C, ukimwaga B nyingi kupita kiasi kila A anapata B wake na kila C anapata B wake, hakuna anayebaki wa kuwaunganisha. Ukiona kompleksi inapanda alafu inashuka jinsi unavyoongeza B, ndo hiyo.

"Inaungana bila kusimama, tyubu imekuwa jeli"

Kompleksi ya kawaida inajifunga, mduara ukikamilika hakuna mkono uliobaki nje. Ikitokea mkono mmoja nje unaoelekea kwa jirani asiye wa kwake, inaendelea bila mwisho na unapata nyuzi. Selimundu ni hiyo hasa: asidi amino moja ya beta, ya 6, imetoka kuwa asidi ya glutamiki yenye chaji na kuwa valini inayokwepa maji, basi. Himoglobini bado ni wanne, inabeba oksijeni, ila ikishaiachia oksijeni ile valini inapata kishimo kwenye molekuli jirani, kinachotengenezwa na fenilalanini 85 na leusini 88, inaingia, na jirani naye anafanya hivohivo. Pauling na wenzake walionyesha 1949 kwamba himoglobini yenyewe ni tofauti, Ingram akaipata tofauti yenyewe miaka michache baadaye.

Kwahiyo kama wewe umebadilisha asidi amino kwenye uso wa protini yenye nakala nyingi na ghafla una nyuzi, rudi uangalie ulichobadilisha, hasa kama umeweka inayokwepa maji. Nakala nne maana yake kosa moja limejirudia mara nne, kila upande.

"AlphaFold imenionyesha zimeshikana vizuri, kwenye tyubu hakuna kitu"

AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini, haijui ukolezi wako. Haijui chumvi yako. Ukiipa nakala mbili itapanga mbili, ukiipa nne itajitahidi kupanga nne, haikuulizi kama umehesabu sawa. Angalia ipTM (alama inayojipa ya uhakika wa jinsi protini zilivyokaa) kwanza, juu ya 0.8 ndo ya kuaminika, chini ya 0.6 uwezekano mkubwa imekosea, katikati hapo ni kubahatisha. Rudia mara kadhaa, kama kila mara inaweka B upande tofauti wa A, haina jibu, inakupa picha tu.

Ikiwa namba ni nzuri na bado tyubu inakataa, au tyubu inakubali na hujui kama ni kwa njia ileile, kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko yote. Tafuta kwenye ule mpaka sehemu ambayo A ana lisini inayotazamana na asidi ya glutamiki ya B. Geuza ya A iwe glutamiki: sasa hasi kwa hasi, kompleksi ilegee. Alafu geuza ya B iwe lisini na uichanganye na A iliyogeuzwa. Ikirudi kushikana, picha ilikuwa sahihi pale. Isiporudi, angalia kwanza kama zile protini zilizogeuzwa bado zimejikunja vizuri, alafu rudi juu kwenye sehemu ya mabonge.